Wajerumani Niliowatunza Birmingham

Wiki mbili kabla sijastaafu, bibi wa miaka themanini na tisa alikaa mbele ya meza yangu akaniomba nichane ukurasa mmoja wa daftari la polisi, ukurasa wenye jina la babu yake. Alizungumza kwa sauti ya chini, mkoba wake ameukumbatia kifuani. "Uuchane, bab," alisema, kwa lile neno ambalo watu wa Birmingham humwita kila mtu wanayemtakia mema. "Uuchane leo. Mjukuu wangu anakuja Alhamisi."

Nimekaa miaka thelathini na mbili katika ofisi ile ya nyaraka. Nimeona watu wakilia kwa sababu jina limekosekana, na wengine wakikumbatiana kwa sababu limepatikana. Bwana mmoja alimtukana baba wa babu yake kwa sauti mpaka tukamtoa nje. Sikuwahi kuona mtu anayetetemeka kwa sababu jina lipo.

Nitarudi kwake, Bi Doreen huyo. Ninyi mnaobaki kwenye chumba cha kusomea mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi, na kazi yangu haikuanzia kwa Bi Doreen.

Ilianza Jumatatu ya mvua, nikiwa na viatu vipya vilivyolia kwenye sakafu ya mbao hadi wasomaji wote sita wakainua vichwa. Msimamizi alininyang'anya kalamu ya wino akanipa penseli. Akanionyesha mito ya sponji ya kulazia vitabu vikongwe, na ile mikanda ya kitambaa iliyojazwa vipande vya madini ya risasi, tunayoiita nyoka, ya kutuliza kurasa zisijifunge. Kisha akanifundisha kadi ya nafasi: ukitoa kitabu rafuni, unaacha kadi mahali pake, yenye jina lako na saa. Kitabu kikirudishwa kwenye rafu isiyo yake, alisema, hicho kimezikwa. Kitakaa humo miaka arobaini bila mtu kukiona. Niliyachukua kama maneno ya mtu anayependa utaratibu. Miaka mingi baadaye yalininyima usingizi.

Saa nne, kwenye chai, wakaniuliza natoka wapi. Nikasema Lushoto, Tanzania. "Lushoto," alisema msimamizi, akifikiri. "Si huko walikokuwa Wajerumani?" Nikasema ndiyo, zamani, kabla hata mama yangu hajazaliwa. Akafurahi sana. Siku iliyofuata nilikuta masanduku kumi na moja mezani kwangu, na kwenye kila moja imeandikwa WAJERUMANI. Hivyo ndivyo utaalamu unavyopatikana katika nchi hii. Kijerumani nilichokuwa nacho kilikuwa maneno mawili, shule na hela, ambayo kila Mswahili anayo bila kujua ameyapata wapi.

Wajerumani niliowajua mimi walikuwa wa bibi yangu: mwenye shamba, mwenye farasi, mwenye kiboko. Bibi alitusimulia walivyojenga nyumba za mawe mlimani na kupanda miti ya kwao, kana kwamba wangekaa hadi Kiyama. Halafu Waingereza wakaja, wakawakusanya na wake zao na masanduku yao, wakawaondoa. Kwa bibi hadithi iliishia hapo, akapiga na makofi. Ndani ya yale masanduku kumi na moja ndiko nilikokutana na Mjerumani wa aina nyingine, amelala chini ya kitanda na watoto wake, anasikiliza vioo vya duka lake vikivunjwa.

Kwa wale ambao hawajafungua masanduku hayo, nitaeleza kwa kifupi. Muda mrefu kabla ya ile vita kuu ya kwanza, Wajerumani walikuwa wengi katika miji ya Uingereza. Humu Birmingham walikuwapo waoka mikate, mafundi saa, wapiga muziki, wahudumu wa hoteli, na zaidi ya wote wauza nyama ya nguruwe. Wengi wa hao wenye mabucha walitoka sehemu moja tu ya kusini mwa Ujerumani, kaka akimwita mdogo wake, mdogo akimwita binamu, kama tulivyoitana sisi. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Kiislamu wa Usambaa, nikawa mtu wa kuulizwa kuhusu mabucha ya nguruwe. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mke wake anafanya kazi na "mambo ya kale", akabadilisha mazungumzo.

Vita vilipoanza, sheria iliwataka waende polisi kuandikishwa: jina, kazi, anwani, urefu, rangi ya macho, mke, watoto. Wanaume walipelekwa kambini, wengi kwenye kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ayalandi. Vita vilipokwisha, wengi walirudishwa Ujerumani, hata waliokwisha kusahau njia ya kwao. Na mwanamke wa hapa hapa, mzaliwa wa Ladywood ambaye hajawahi kuvuka maji, akiwa ameolewa na Mjerumani, sheria ilimhesabu Mjerumani. Naye akaandikishwa.

Zilikuwamo pia barua za majirani. Sitawanukulia, mnajua ziliko. Mmoja anaarifu kwamba mwenye bucha anawasha taa dirishani ili kuwapa ishara adui. Mwingine amesikia watoto wakiimba wimbo usioeleweka. Wa tatu alikula soseji akaumwa tumbo. Kilichonitisha tangu mwanzo ni mwandiko wao. Ulikuwa mzuri, umenyooka, mwandiko wa watu waliokaa mezani kwa utulivu na kikombe cha chai pembeni.

Mwaka wa kwanza sikuweza kusoma nusu ya mle ndani, kwa sababu Wajerumani wa zamani waliandika kwa herufi zao, zenye ncha kama miiba. Aliyenifundisha kuzisoma ni Mzee Konrad. Alikuwa amestaafu kiwanda cha magari, anajitolea kwetu siku mbili kwa wiki. Alitekwa vita vya pili akiwa na miaka kumi na tisa, akaletwa huku mfungwa, akalimishwa viazi, akaoa, akabaki. Mimi nilimwita Mzee Konrad kwa heshima ya kwetu. Nilipomweleza maana yake alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee! Mke wangu ananiita hivyo bila heshima," alisema.

Alikaa siku zote kwenye kiti kinachotazama mlango. Nilidhani ni kwa ajili ya mwanga.

"Mwanaidi," aliniambia siku moja, tukiwa juu ya barua ya mama aliyekuwa akimwandikia mumewe kambini. "Bibi yako alituona tukiwa mabwana. Wewe unatusoma tukiwa panya. Nani kati yenu anatujua?"

"Labda tuwaulize panya," nilisema.

Ni yeye aliyeniambia kwamba kwa miaka kumi na moja majirani zake walimjua kama Mholanzi. Mholanzi, alisema, ni Mjerumani aliyesamehewa. Watoto wake hakuwafundisha Kijerumani hata neno, na siku walipomuuliza maana ya jina lao aliwaambia jina halina maana, ni jina tu. Kila aliposikia chupa ikivunjika mtaani aliwahesabu. Aliniambia hayo wakati akinoa penseli, bila kuniangalia. Nami nikafikiria binti yangu Salma, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, anaelewa Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza. Nilizoea kumgombeza kwa hilo. Jioni ile sikumgombeza.

Kanuni mbili alizoniachia Mzee Konrad nawaachia na ninyi. Ya kwanza, usilitamke kwa sauti jina la ukoo wa msomaji. Mlangoni anaweza kuwapo mtu unayemdhania msomaji tu. Ya pili, kamwe usimwambie mtu nani mwingine aliwahi kuja. Hii ya pili ilinisaidia na madada wawili ambao kwa miaka minne walikuja kusoma faili moja, huyu Jumanne, huyu Ijumaa, kila mmoja akiniapisha kwamba mwenzake asijue. Wiki moja yule wa Jumanne, dada mkubwa, alikosa siku yake, akaja Ijumaa. Nilipiga chenga kwenye ngazi ambazo mchezaji wa mpira angezionea wivu. Hawakukutana. Sijui hadi leo kama nilifanya vizuri.

Mzee Konrad alifariki, nami nikabaki na masanduku. Nikafundisha wengine herufi za miiba, na miaka ikaenda.

Kisha kikaja kile kiangazi ambacho wote mnakikumbuka. Kulikuwa na tetesi kila siku: watu wanaochukia wageni wanakuja, wanakuja leo, wanakuja kesho, watapitia barabara hii, watachoma hoteli ile wanamokaa wakimbizi. Yusra, mwenzangu wa meza ya pili, aliyelelewa Mombasa na wazazi wa Kisomali, alikuwa akinisomea ujumbe kwenye simu yake hadi nikamwomba aache. Salma ana duka la kushona Kings Heath, kwenye barabara kuu, lenye kioo kipana mbele. Siku moja saa nane mchana wenye maduka wote wakaanza kuteremsha shata za chuma, mmoja baada ya mwingine, na wengine wakapigilia mbao. Nilimpigia simu.

"Teremsha shata uje nyumbani."

Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ana gauni la bibi harusi mezani na haondoki.

"Salma, mwanangu, kiende kioo, liende gauni, mradi wewe utoke."

"Mama," akasema, sasa kwa Kiswahili, na hapo nikajua anaogopa. "Mlango wa nyuma uko wazi. Nitatoka."

Siku ile hawakuja. Lakini kesho yake nilifungua sanduku la barua za majirani. Nilikuwa nimezisoma miaka thelathini kama historia. Sasa nilikuwa nikitafuta mtaa wetu.

Ndani ya wiki hizo ndipo Bi Doreen alipokuja, Jumanne, kwa basi kutoka Castle Vale. Alieleza mambo yake kwa mpango, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njiani. Babu yake, baba wa baba yake, aliitwa Brandt. Alikuwa na bucha, nao waliishi juu yake. Watu wa mtaa ule ule walivunja kioo, wakatupa nyama barabarani, wakapanda ngazi na kutupa kitanda cha mtoto kupitia dirishani. Brandt akapelekwa kisiwani, kisha Ujerumani, hakurudi. Mkewe Ada, mzaliwa wa Ladywood, akahama mtaa na kuwapa watoto jina la ukoo wake mwenyewe. Akawaapisha. Mmoja wa watoto hao, Wilfred, ndiye baba yake Doreen, naye alimwambia binti yake akiwa kitandani, siku mbili kabla ya kufa. Doreen hakumwambia mumewe. Hakumwambia binti yake, ambaye naye sasa ni marehemu. Amebaki na mjukuu mmoja, Craig, wanaishi nyumba moja. Craig ndiye anayempikia, anayempeleka kliniki.

"Kucha za miguu ananikata yeye," alisema. "Siwezi kuinama. Nani mwingine atanikata?"

Craig alikuwa ameingia katika kundi la wale wanaofanya mikutano na kusema wageni warudi kwao. Hakuwa mpiga kelele, alisema bibi yake, alikuwa msikilizaji. Lakini walimpenda, na sasa walimtaka asimame mbele yao aonyeshe mti wa ukoo wake, kwamba watu wake ni wa udongo huu tangu enzi na enzi. Mti wenyewe alikuwa ameuchora kwenye karatasi kubwa na kuubandika jikoni. Matawi yote yalikuwa yamejaa isipokuwa la Wilfred, lililoishia kwenye duka moja, anwani yake imeandikwa nyuma ya picha ya zamani. Craig aliitafuta anwani hiyo kwenye orodha yetu ya mtandaoni. Ikamletea namba ya daftari la polisi, bila kumwambia ni daftari la nini, naye akaliagiza.

"Atajua nilimdanganya maisha yake yote," alisema Bi Doreen. "Ataondoka."

"Mwambie wewe mwenyewe kabla ya Alhamisi. Akilisikia kwako atakuwa na mtu wa kumuuliza."

"Wewe humjui. Anachukia uongo kuliko anavyowachukia ninyi." Akaziba mdomo kwa kiganja. "Samahani, bab."

"Si kitu."

"Ni mtoto mzuri."

"Naamini."

Alisimama kwa shida. Mlangoni aligeuka. "Usimwambie nilikuja."

"Hatusemi nani kaja," nilimwambia. "Ni kanuni yetu." Nilisema kwa majivuno kidogo, kwa miaka thelathini na mbili ya kutokosea.

Yusra alikuwa amesikia yote. Alisubiri mlango ujifunge. "Mama Salma, si uiweke tu kwa shelf ingine? Kitu ikae huko, nani atajua?"

"Yusra, nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini nimesema."

Jumatano nilishuka stoo na lile daftari mkononi. Nilisimama mbele ya rafu za ramani za mabomba ya maji, ambazo hakuna mtu ameziomba tangu nimeanza kazi. Palikuwa na nafasi inayolitosha kabisa. Nikamfikiria yule mama na miguu yake, nikamfikiria kijana akisimama mbele ya watu wale, na nikafikiria kioo cha Salma. Kisha nikalirudisha mahali pake na kuondoa kadi. Msidhani ni uaminifu tu. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikilificha mimi kwa sababu nzuri, atakuja mwingine afiche kwa sababu yake, na siku moja mtu aseme hakuna aliyewahi kuvunjiwa kioo katika mji huu, na tusiwe na cha kumwonyesha.

Craig alikuja Alhamisi saa nne na nusu. Nilitegemea mtu mwingine. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, vumbi la lipu kwenye nywele za mikono. Nilipomwambia anawe mikono alinawa mara mbili. Aliniita bab, kama bibi yake. Hakuonekana kuwa mtu aliyeambiwa jambo lolote.

Nilimwekea daftari juu ya mto, nikalaza nyoka. Alifuata mistari kwa kidole, juu juu, bila kugusa karatasi, kama nilivyomwelekeza. Akaipata anwani.

"Brandt," alisema. "Mjerumani huyu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na duka kabla ya watu wetu." Alitoa pumzi, akatabasamu. "Wakamfukuza, watu wetu wakapata nyumba. Afadhali. Bila hivyo nisingekuwapo hapa."

Kazi yangu haikuwa kufasiri. Jina la Brandt halikufanana na jina lolote kwenye mti wake, kwa kuwa Ada alibadilisha majina ya watoto baadaye, na daftari halijui ya baadaye. Kijana aliandika mistari miwili kwa penseli, akalifunga daftari taratibu, akanisogezea. Daftari limesema kweli yake yote, na hakuna aliyeumia. Sikutegemea kwamba mambo hayo mawili yangewezekana pamoja.

Alivaa koti, akatazama saa. "Wacha niwahi," alisema. "Bibi anasubiri chakula."

"Haya, nisalimie Bi Doreen," nilimwambia. "Mwambie pole ya miguu."

Nilisema kwa Kiingereza, lakini mdomo uliosema ulikuwa wa Lushoto. Kwetu, mtu akikutajia mkubwa wake nawe unamfahamu, ukamwacha aondoke bila salamu, umemtukana yeye na huyo mkubwa. Salamu hiyo nimeifunzwa kabla sijajua kusoma. Ilitoka yenyewe, na jina ndani yake, na miguu ndani yake. Niliisikia ikiwa imeshafika.

Craig hakuwa amegeuka bado. Mkono wake ulikuwa kwenye zipu ya koti.

"Sikukutajia jina lake," alisema.

Ningeweza kudanganya. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikudanganya, na jibu ni kwamba sikupata wazo lolote. Yusra akainamisha kichwa juu ya karatasi zake.

Alivua koti, akakaa. "Naomba kile kitabu tena."

Ni haki yake. Nililirudisha juu ya mto, nikalifungua mwenyewe, nikalaza nyoka. Safari hii hakusoma anwani tu. Alisoma mstari wote hadi mwisho. Mke, Ada, mzaliwa wa Ladywood. Watoto watatu. Aliweka kidole kwenye jina la mtoto wa pili, akakibonyeza kabisa kwenye karatasi, na sikumkataza.

"Wilfred," alisema. "Bibi ana picha ya Wilfred juu ya televisheni."

Akaondoa kidole, akanitazama.

"Alikuja lini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Alilia?"

"Siruhusiwi, mwanangu." Lile mwanangu nalo lilitoka lenyewe.

Aliomba nakala ya ukurasa. Akajaza fomu kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya simu ya nyumbani, akaisukuma kwangu bila kuiangalia. Hakubamiza mlango. Alisema asante. Safari hii hakuniita bab.

Mchana ule ule niliandika taarifa ya kosa langu nikampa msimamizi, wa tano tangu yule wa kwanza. Ni kijana mwelewa. Alisema huenda hakuna ubaya. Alisema pia kwamba ofisi haiwezi kumfuata msomaji nyumbani, ila nakala ikiwa tayari tunaweza kupiga simu kumwarifu, kama tunavyomwarifu kila mtu. Ilikuwa tayari kesho yake asubuhi. Yusra akapiga, ikaita hadi ikakatika. Akapiga na Jumatatu. Wiki yangu ya mwisho nilikula keki ya kuagwa bila kujua ina ladha gani.

Siku ya tatu baada ya kustaafu sikuwa mtumishi wa ofisi yoyote, kwa hiyo nilipanda basi hadi Castle Vale. Mtaa alikuwa amenitajia Bi Doreen mwenyewe siku ile, akilalamika kwamba basi haliingii hadi mlangoni. Nilipita na ushungi wangu chini ya bendera za Uingereza walizofunga watu wa mikutano ile kwenye nguzo za taa, moja baada ya moja, nikihesabu hatua kama mtu anayevuka mto. Nyumba ilijulikana kwa reli ya chuma ya kushikia, ile wanayowawekea wazee mlangoni. Niligonga. Nikagonga tena. Mapazia yalikuwa wazi, na kwenye ukuta wa jikoni niliona alama nne za gundi, pembe nne za karatasi kubwa ambayo haikuwapo.

Jirani alitoka akivuta pipa la taka. Mama mnene mwenye ndala, aliniangalia kwanza ushungi, kisha uso.

"Unamtafuta Doreen? Wameondoka Jumamosi, hawajarudi."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Kijana alimbeba mikononi hadi kwenye gari, akamkalisha mbele, akamfunga mkanda."

"Bi Doreen alikuwaje?"

"Alikuwa analia. Lakini Doreen hulia hata kwenye matangazo ya sabuni."

"Walisema wanakwenda wapi?"

Alilisimamisha pipa. "Nilimuuliza Craig. Akasema bibi ana jambo la kuwaambia watu."

"Watu gani? Wale wa mikutano?"

"Sikuuliza, bab," alisema. "Siku hizi mtu haulizi." Akaingia ndani, na nikasikia akifunga komeo.

Nimeandika haya yote kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, nikitumaini kwamba kufikia hapa nitakuwa na habari za kuwapa. Nakala ya Craig bado iko kaunta, na Yusra anaendelea kupiga kila Jumatatu. Juzi aliniambia ile simu ya nyumbani kwao iliita mara tatu, ikapokelewa. Akajitambulisha, akasema ukurasa uko tayari. Upande wa pili palikuwa na mtu, alimsikia akipumua, hakuweza kujua kama ni mzee au kijana. Kisha ikakatwa.